Leso Katikati ya Nyumba, Kule Ufini

Niseme mapema, kabla wenzangu wa soko la Busia hawajanisemea: mimi sikwenda Ufini kuona theluji. Barafu nimeishika tangu ujana wangu, mimi ni muuza samaki. Nilikwenda kwa ajili ya mtu mmoja mwenye meno manne, jina lake Owor, mjukuu wangu wa kwanza, ambaye mpaka hapo nilikuwa nimemwona kwenye simu tu. Mtoto wa kwenye simu hana uzito wala harufu. Ukimwimbia anapiga kioo kofi, picha inakatika, unabaki unauimbia ukuta. Siku moja nikamwambia mume wangu, Wandera, kwamba nimechoka kuwa nyanya wa simu.

Binti yetu Nekesa alikuwa analingoja neno hilo. Yeye ni muuguzi, anatunza wazee katika mji mdogo wa kaskazini mwa Ufini, na mumewe Othieno, kijana wa Petta kule Tororo, anaendesha greda la kuondoa theluji barabarani. Wakajibana, wakatuma tiketi mbili: tuje tukae nao Desemba, tule Krismasi pamoja, turudi mwaka mpya. Wandera ameendesha malori miaka na mikaka. Juba anaijua, Goma anaijua, lakini ndege alikuwa anaiona tumbo tu. Alinyoa ndevu siku hiyohiyo, ungedhani ndege iko nje inapiga honi.

Lakini palikuwa na mfupa. Sisi Wasamia, na Wajopadhola wa Petta vilevile, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawazoeani. Hawapeani mkono, hawaketi meza moja, akipita huku wewe unapita kule. Mama hali chakula kilichopikwa kwenye jiko la mkwewe, na kulala chini ya dari lake ndiyo usiseme kabisa. Wala si uadui. Ni heshima. Huyu mtu nimempa mtoto wangu, na kitu kikubwa namna hiyo hakishikwishikwi ovyo. Kwa baba mkwe sheria ni nyepesi kidogo, kama sheria zote zilivyo nyepesi kwa wanaume.

Nilipomkumbusha Nekesa jambo hilo kwa simu, alicheka, akasema huko kwao hakuna mila, kuna baridi. Nikamwambia mimi ni mwanamke wa mpakani. Nimezaliwa upande wa Kenya nikaolewa upande wa Uganda, na hakuna kitu ambacho sijakivusha kwenye forodha ile. Hata mila nitaivusha. Atafute jirani mwenye chumba, mimi nitalala huko. Akasema kwa sauti ya chini, na bila kicheko:

"Mama, tangu niolewe hujawahi kula chakula changu."

Akaniaga, akakata. Nilikaa na simu mkononi mpaka omena, wale dagaa wa ziwani niliokuwa nachagua, ikaingiwa na nzi. Kwa sababu ilikuwa kweli. Ameolewa, amejenga maisha, amezaa, na mimi mama yake sijaonja hata chumvi ya sufuria yake. Nikaiona safari yangu ina mambo mawili yanayovutana, mila yangu na mtoto wangu, na sikujua nitayabebaje yote mkononi.

Tuliondoka Busia alfajiri, malori yakiwa bado yamejipanga kungoja mpaka ufunguliwe. Sanduku langu lilikuwa na leso nne za kujifunga, sweta mbili, na omena kavu niliyoifunga kwenye nailoni, juu yake gazeti, juu yake nailoni tena, na bado dereva aliyetuchukua alikuwa anafungua dirisha. Wandera akasema Wazungu watajua tumeingia kabla hatujatua.

Hatukwenda moja kwa moja. Tulipita Tororo, mwamba wake mkubwa ukiwa umevaa ukungu kichwani, tukaingia Petta kuwaaga wakwe. Mtu hawezi kwenda kumwona mtoto wa watu bila kuwapitia wenyewe. Mama yake Othieno alitupokea uani, mwanamke mrefu mwenye mikono ya jembe, ametuanikia viti juani. Yeye pia hajawahi kumshika mtoto. Tukaongea habari za mvua na za wimbi, yaani ulezi, na jinsi wazee walivyobishania jina la mtoto. Owor ni jina la aliyezaliwa usiku, na huyu alizaliwa saa tisa alasiri. Nekesa alipowaeleza kwamba kule, mwezi ule, saa tisa alasiri ni giza tupu, mzee mmoja akasema giza ni giza, halina saa. Jina likapita.

Wakati wa kuondoka mama yake Othieno alinipa mfuko wa unga wa wimbi, akaushika kidogo kabla ya kuuachia.

"Wewe nakwenda kumshika, mimi nabaki kumsikia," akasema. "Mshike na mikono yangu pia. Na mtoto wangu Othieno, mwonee huruma. Yeye naogopa wewe kuliko baridi."

Nikamwahidi. Nilidhani ni maneno ya kuagana tu.

Entebbe mpaka Ufini sitaieleza sana, maana nusu yake nilikuwa nimefumba macho. Tulibadilisha ndege katika mji mmoja wa jangwani ambako watu wanatembea usiku kucha wakinunua manukato. Wandera aliomba kiti cha dirishani, akawa ananisomea mawingu kama anavyosoma barabara: hapa kuna mashimo, hapa lami nzuri. Nami nikawa nasali kwa ajili ya dereva.

Tulipotua, mlango ulipofunguliwa, baridi iliniingia puani ikanitoa machozi. Jamani, nilikuwa nadhani najua baridi. Baridi ya Busia ni ya mvua, unajifunika kikoi inakwisha. Hii ya kwao inakukagua mfuko kwa mfuko.

Ndani ya uwanja nikamwona Nekesa anakimbia, na mtoto kifuani. Nyuma yake, mbali, kando ya nguzo, amesimama mwanamume mrefu ameinamisha kichwa, mikononi ameshika makoti mawili makubwa. Hakusogea. Nekesa ndiye aliyerudi akayachukua, akatuvalisha. Nikamsalimu mkwe wangu kwa mbali, bila kumtazama usoni, naye akaitikia huku anatazama viatu vyake. Wazungu waliokuwa wanapita lazima walidhani tumegombana. Mimi moyo ulinijaa. Miaka yote ile ugenini, na hakusahau pa kusimama.

Kisha nikapewa mtu wangu. Alikuwa mzito kama debe. Akanitazama, akanishika pua, akaivuta.

"Mume wangu," nikamwambia, "mbona hukunifuata Busia mwenyewe?"

Hapo niwaeleze wasomaji wasio wa kwetu. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa nyanya yake. Ni utani, lakini ni utani wenye haki zake. Anaweza kudai chakula sufuriani mwako, anaweza kukuita mzee asiyejua kupika, na wewe unaweza kulala kwake ukitaka, hakuna wa kukuuliza. Baina ya nyanya na mjukuu hakuna aibu hata chembe. Aibu yote Mungu ameiweka kwa wale walio katikati.

Kwenye gari nikawekwa nyuma, na kabla ya kuwasha, Othieno akakigeuza kile kioo cha juu kikatazama dari, ili macho yetu yasikutane. Wandera akasema huyu kijana atatuua kwa heshima. Tukasafiri hivyo barabara nyeupe mwanzo hadi mwisho, miti nayo imevaa nyeupe, mume wangu mdogo amelala mapajani pangu na koti langu limejaa mate yake.

Tulifika mchana, na mchana wenyewe ulikuwa unaondoka. Nyumba yao ni ya mbao, imepakwa rangi nyekundu. Nekesa akanishika mkono akaniingiza mpaka mlangoni, nikasimama kizingitini. Nikakiona, kwa kuchungulia, chumba alichotuandalia: kitanda kipana, shuka mpya zenye maua, na kitanda cha mtoto pembeni, kimesogezwa karibu kabisa na pa kulala mimi. Sikuvuka. Nikasikia Othieno, aliyekuwa amebaki uani, anaongea na Wandera polepole. Wandera akaja akaniambia kwamba pale kwa jirani, hatua chache tu kuvuka uwanja, kuna kijumba cha wageni. Othieno amekiomba kwa mwenyewe, bibi mmoja mjane anayeitwa Aino, na amekwisha kukipasha moto kwa hita ya umeme. Dari la mtu mwingine, mlango wa mtu mwingine.

Nikashukuru moyoni. Nikageuka kumwambia Nekesa, nikakuta anazikunja zile shuka za maua. Alizikunja vizuri, kona kwa kona, akazirudisha kabatini. Alikuwa amemkasirikia mumewe na mimi pia, na ningempa kila nilichonacho isipokuwa kile alichotaka.

Basi tukaanza likizo yetu. Asubuhi, kukiwa bado giza, nilikuwa nasikia greda linapita. Ni lori kubwa lenye jembe mbele, linasukuma theluji pembeni kama tunavyosukuma maji ya mafuriko. Likifika kwenye kijumba changu linapunguza mwendo, jembe linainuka kidogo, ili theluji isinizibie mlango. Siku ya kwanza nilidhani ni bahati. Siku ya pili nikasimama dirishani, nikaona taa zake zinapungua. Haikuwa bahati. Yule ni mkwe wangu, ananiamkia kwa namna yake.

Na mjini kila mtu anamjua. Tukipita na Nekesa dukani, vibibi vyenye fimbo vinatusimamisha, vinanionyesha mimi, vinauliza. Nekesa anajibu, navyo vinanishika mkono kwa mikono miwili. Aino alinieleza, Nekesa akitafsiri, kwamba tangu Othieno apewe barabara ile haijamfungia hata siku moja, na kwamba siku Aino mwenyewe alipougua, gari la wagonjwa lilifika kwa sababu Othieno alikuwa amelitangulia na greda. Nikavimba. Mtoto wa Petta, aliyekua akichunga ng'ombe wa baba yake, anawafungulia Wazungu njia katika nchi yao. Nilitamani vile vibibi vijue kwamba huyo nimempa binti yangu kwa hiari.

Siku moja Aino alitupeleka ziwani. Nilipoona watu wametembea mpaka katikati ya ziwa na viti vyao, nikasema mimi sina mchezo na maji, nimezika watu kwa sababu ya maji. Wandera ndiye aliyenivuta. Kule katikati mzee mmoja alikuwa ametoboa tundu kwenye barafu, ameketi juu ya ndoo, anavuta samaki wadogo wadogo wanaong'aa. Nikainama, nikamshika mmoja. Ala! Ni ndugu kabisa wa omena, mnene tu kwa kukaa kwenye baridi. Nikamwomba yule mzee kisu, nikamwonyesha tunavyowasafisha kwetu, naye akanionyesha wanavyowasafisha kwao, tukashindana bila lugha, Wandera akiwa refa. Mwisho tuligawana samaki, na Nekesa akacheka, mara ya kwanza tangu zile shuka.

Lakini Krismasi ilinitia kisu. Wandera alikwenda kula nyumbani kwa Nekesa, kwa ile sheria yake nyepesi. Mimi nikabaki kijumbani na ugali wangu wa wimbi na omena niliyoichemsha kwenye jiko dogo la umeme. Nikasikia hatua kwenye theluji. Ni Nekesa, mikononi ana sahani amefunika kwa sahani nyingine. Kuku, wali, na kitu cha viazi wanachopika kwao. Harufu yake nainusa mpaka leo. Alisimama mlangoni akitazama sufuria yangu. Nikasema karibu. Akatikisa kichwa, akageuka, akarudi na sahani yake. Mwacha mila ni mtumwa, tunasema. Usiku ule nilijiuliza aliyeishika sana anaitwaje.

Siku chache baadaye dhoruba ikaja. Nekesa alikuwa zamu kwa wazee wake, Othieno yuko barabarani tangu alfajiri, Aino amekwenda kwa mwanawe amefunga nyumba. Kijumbani tulikuwa mimi, Wandera na Owor. Upepo ulikuwa unapiga mbao, nje hakuonekani hata ua. Mara taa ikazimika, na ile hita ikanyamaza. Tukangoja umeme urudi, haukurudi. Baada ya muda pumzi zetu zikaanza kuonekana. Nikamshika mtoto vidole, vilikuwa baridi kama samaki.

Sikungoja kuambiwa. Kuna mila na kuna mtoto wa watu mikononi mwako. Nikamfunga Owor mgongoni kwa leso, nikamwekea blanketi juu, nikachukua kigoda nilichokuwa nakalia kijumbani, tukavuka uwanja tukishikana mikono tusipotezane. Nikaingia nyumba ya mkwe wangu kwa mlango wa jikoni. Pale sebuleni wana jiko la kuni, na kuni ni kuni, hata za Ufini. Nikawasha. Kiti chake sikukikalia. Niliketi kwenye kigoda changu, karibu na moto, mtoto kifuani, mpaka vidole vyake vikarudi kuwa vya binadamu. Nilikuwa na furaha na aibu, vyote pamoja.

Tumekaa, tukasikia mtu anakohoa nje. Wandera akachungulia. Ni Othieno. Mwenzake amepokea greda, na kwa sababu ya theluji amemwacha njia panda, mwenyewe amemalizia kwa miguu. Ameona moshi, ameona viatu vyangu mlangoni, amesimama. Ndani hawezi kuingia, mama mkwe yuko. Kijumbani hawezi kuingia, kitanda cha mama mkwe kiko. Kwa Aino kumefungwa. Nyumba tatu pale uwanjani, na mtu aliyekuwa kazini tangu alfajiri hana hata moja ya kuingia. Unajua alichofanya? Alichukua koleo akaanza kuondoa theluji mlangoni, taratibu, kama mtu aliyekuja kwa kazi hiyo.

Nikayakumbuka maneno ya mama yake. Nikasimama, nikaanza kumfunga mtoto tena nirudi kijumbani. Wandera akanizuia kwa mkono, akafungua mlango ufa, akaongea na kijana. Wakaongea kidogo. Akarudi na theluji kwenye nyusi, na hakuwa anacheka tena.

"Anasema usitoke," akaniambia. "Anasema hivi: mwambie mama, nyumba hii hapana yangu. Iko ya Owor. Mama iko kwa mjukuu wake."

Nilisimama na ile leso mkononi. Wee! Kijana amesimama kwenye baridi inayopasua mawe, na bado akili yake inanitafutia mlango. Ameivua nyumba yake mwenyewe kama koti, amemvalisha mtoto, ili mimi niketi bila aibu. Machozi yalinitoka, sikuyaficha. Na mimi je? Nikae kwenye joto, nijiite mgeni wa mjukuu, yeye agande? Huyo si mtu wa kwetu anayefanya hivyo.

"Baba Nekesa," nikamwambia, "mpelekee jibu langu. Kama nyumba ni ya Owor, basi mimi ni mke wa mwenye nyumba. Na mke hawezi kumwacha baba wa mume wake nje. Mwambie baba mkwe wangu aingie."

Kisha nikapanda juu ya kigoda. Nikaichukua leso, ncha moja nikaifunga kwenye msumari wa picha, ncha nyingine kwenye kitasa cha kabati, na leso ya pili nikaiunga hapo, mpaka sebule ikagawanyika mara mbili na jiko la kuni likiwa katikati, likipasha joto kote. Upande wangu moto na mlango wa jikoni. Upande wake moto na mlango wa mbele. Nikasikia anaingia, anavua buti. Nikasikia anaketi, na kuni zinapasuka motoni. Owor ndiye aliyekuwa anatambaa chini ya leso, anakwenda kwa baba, anarudi kwangu, kama mfanyabiashara wa mpakani.

Juu ya jiko lile nilisonga ugali wa unga wa Petta, nikachemsha omena. Nikapakua, nikaisukuma sahani chini ya leso. Nikamsikia anautambua unga wa mama yake. Alitafuna tonge la kwanza polepole, halafu akapenga kamasi. Wandera akakaa mpakani kabisa, goti moja huku, goti moja kule, akala kwenye sahani zote mbili.

Nekesa alifika gizani, wenzake wamemleta. Alifungua mlango akakuta leso zimetandazwa katikati ya sebule yake, mumewe upande mmoja anafuta sahani kwa kidole, upande wa pili mama yake ameketi kwenye kigoda. Alibaki amesimama na kofia kichwani. Wandera akamweleza yote: nyumba ni ya nani, nani ni mke wa nani. Nikaona uso wa mtoto wangu unajaribu kutocheka na unajaribu kutolia. Mimi hesabu nilikuwa nimeshaimaliza nikiwa nasonga ugali. Kama Owor ni mume wangu, mama yake Owor ni nani kwangu?

"Mama mkwe," nikamwambia Nekesa, "nimeolewa hapa tangu mchana, na sijapewa chakula. Nina njaa."

Hakuvua hata koti. Alikwenda jikoni, akawasha mshumaa, akapika juu ya jiko la kuni mayai na vile viazi vyao, akaniletea kwa magoti kama ninavyowaletea wageni wangu Busia, nikamwambia mama mkwe hapigi magoti kwa mke wa mwanawe, asimame. Nikala. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo. Nilikula nikamaliza, nikaomba tena, naye akaketi chini mbele yangu akawa ananitazama ninavyotafuna, kama nilivyokuwa namtazama yeye alipokuwa mdogo. Halafu akaenda kabatini, akazitoa zile shuka za maua, akatandika.

Umeme ulirudi kesho yake, lakini mimi kijumbani sikurudi. Leso zikabaki zimetundikwa mpaka mwisho wa likizo yetu. Othieno alikuwa akipita upande wake, mimi wangu. Tukaanza hata kuongea kupitia pale, habari za Petta, bei ya samaki, ugonjwa wa ng'ombe, na kumbe ni kijana mcheshi. Sura yake sijaikazia macho hadi leo, na heshima haikupungua hata kijiko. Asubuhi ya kuondoka, kwenye uwanja wa ndege, alisimama tena kando ya nguzo. Ila safari hii, nilipomuaga, alisema kwa sauti, "Safari njema, mke wa mwanangu," na Wandera akacheka mpaka watu wakageuka.

Tulipotua Entebbe joto lilinikumbatia kama ndugu. Tukapita Petta kwanza, maana ahadi ni deni. Nikamweleza mama yake Othieno kila kitu, nilivyomshika mtoto na mikono yake pia, na jinsi mwanawe alivyosimama nje. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika pale pa mke wa mwenye nyumba, akapiga kofi.

"Kumbe!" akasema. "Owor iko mume wangu pia. Sasa sisi wake wenza. Na wewe umetangulia kulala kwake."

Tukashikana, tukacheka mpaka kuku wakakimbia uani. Akanipa jogoo nikamle Busia, zawadi ya bibi mkubwa kwa bibi mdogo.

Sokoni walinizunguka kabla sijafungua gunia. Hawakuniuliza habari za theluji. Waliniuliza lile lile moja: ulilala wapi? Nikawaambia nililala kwa mume wangu. Wakapiga yowe. Nikawaacha kwanza wapige, ndipo nikawaeleza, na tangu siku hiyo kuna wawili watatu wenye mabinti ng'ambo ambao wameanza kuchomeka neno pasipoti kwenye mazungumzo yao. Nilichojifunza ni hiki, na ninakisema kwa majivuno: mila yetu haikuvunjika kwenye baridi ile. Ilivuka, ikaketi, ikala. Ila haikuvushwa na ukaidi wangu. Ilivushwa na kijana aliyenipa nyumba yake akiwa nje ya mlango.

Juzi Nekesa alipiga simu. Leso bado zimetundikwa. Othieno amekataa zishushwe, anasema hana ruhusa ya mwenye nyumba. Nikamwona Owor ameshika ukingo wa leso anasimama, meno yameongezeka, anapiga kelele kwenye kioo. Nekesa akasema mume wangu anauliza nitarudi lini.

"Mwambie awashe moto," nikamjibu.